Uso wa Mtoto Si Laana ya Boma

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Tuala, Kaunti ya Kajiado)

Jambo la leo halichagui kabila.

Katika mikutano yetu huwa tunazungumza juu ya mbuzi, akiba, matangi ya maji na karo za shule. Leo tunazungumza juu ya uso wa mtoto. Ni watoto wanaozaliwa mdomo umepasuka, au kaakaa liko wazi, au taya ni dogo mno, au mifupa ya mashavu haikukua sawasawa. Mnawajua watoto hawa, hata kama hamwaoni sokoni. Hamwaoni kwa sababu wamefichwa nyumbani.

Sisi tunaozunguka boma kwa boma tumekuta mambo ambayo ni lazima tuyaseme wazi. Tumekuta mtoto wa wiki sita ambaye uzito wake ni chini ya ule aliozaliwa nao, na mama yake ana maziwa ya kutosha kabisa. Mtoto alikuwa hawezi kunyonya kwa sababu kaakaa limepasuka, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mama njia nyingine ya kumpa maziwa. Watu wa boma walikuwa wanabishana juu ya laana imetoka upande gani, na huku mtoto anakufa njaa katikati yao. Hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii. Kubishana juu ya laana kunachukua siku ambazo mtoto hana.

KITU GANI HUTOKEA TUMBONI

Hebu tuanze mwanzo. Uso wa mtoto hauumbwi kipande kimoja kama sufuria ya kiwandani. Unaumbwa kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbili na kukutana katikati, kama fundi anayeshona vitambaa viwili kuwa kimoja. Pitisha kidole chako chini ya pua, utasikia kamfereji kadogo kanakoshuka mpaka mdomoni. Sote tunako. Hapo ndipo vipande vilipokutana.

Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa, yaani dari ya mdomo, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, mtoto huzaliwa na mpasuko. Unaweza kuwa kwenye mdomo peke yake, au ukapita kwenye ufizi na mfupa wa taya la juu, au ukafika mpaka kaakaa. Kuna watoto wenye mpasuko wa kaakaa peke yake, na hao ni rahisi kusahaulika kwa sababu usoni hawana alama yoyote. Ndiyo maana mtoto yeyote anayezaliwa, nyumbani au hospitali, afunguliwe mdomo na kuangaliwa ndani kwa tochi.

Sasa angalieni hizo wiki tena. Wiki ya 4 mpaka ya 9! Akina mama wengi wakati huo hata hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo yule anayesema mama aliharibu mtoto mwezi wa sita kwa sababu alishika kisu, au alimcheka kilema njiani, hajui hesabu. Mwezi wa sita mdomo wa mtoto ulikuwa umemaliza kuumbwa zamani.

Jambo hili pia si geni duniani. Wataalamu wanakadiria kwamba mtoto mmoja katika kila 1,000 hadi 1,500 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa. Wako Ulaya, wako Uchina, wako Marekani. Haiwezekani boma zote hizo zimelaaniwa.

DAMU YA NANI?

Hapa ndipo penye ugomvi. Mtoto akizaliwa hivi, watu wa baba wanasema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki," na mama anaangaliwa kwa jicho baya. Wengine wanarudishwa kwao. Tuseme ukweli wa jambo hili, kwa sababu una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: ni kweli, urithi upo. Ndani ya mwili wa kila mmoja wetu mna maelekezo madogo sana yanayoitwa jeni. Ndiyo yanayoamua rangi ya macho, umbo la pua na urefu wa taya. Kila mtoto hupata nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kwa hiyo hakuna mtoto wa damu ya mama peke yake, wala wa baba peke yake.

Nyinyi wafugaji mnalijua hili kuliko sisi tuliosoma vitabuni. Fahali mweusi akimpanda ng'ombe mweusi, mara nyingine anazaliwa ndama mwekundu. Wekundu ulitoka wapi? Ulikuwa umejificha kwa wote wawili, na siku hiyo ukakutana. Kuna mfugaji hapa aliyewahi kumfukuza ng'ombe wake kwa sababu hiyo? (Hapana!) Basi kama ng'ombe hafukuzwi, mke anafukuzwa kwa nini?

Sehemu ya pili: kwa mpasuko wa mdomo na kaakaa, mara nyingi si jeni moja. Ni jeni kadhaa zikichangia pamoja, na mambo mengine ya wakati wa mimba yakiongezea. Mama kuvuta sigara, kunywa pombe, ugonjwa wa kisukari usiotibiwa, na baadhi ya dawa za kifafa, haya yote huongeza hatari. Lakini sikilizeni vizuri: wako akina mama wengi ambao hawakuvuta, hawakunywa wala hawakumeza dawa yoyote, na bado mtoto akazaliwa na mpasuko. Msichukue orodha hii mkaifanya fimbo mpya ya kumchapa mama.

Wazazi huuliza, "Je, anayefuata naye atakuwa hivyo?" Kama wazazi wote wawili hawana mpasuko na wamepata mtoto mmoja mwenye mpasuko, nafasi ya mtoto anayefuata kuwa nao ni kama 3 hadi 5 katika 100. Maana yake, watoto 95 au zaidi katika kila 100 watazaliwa bila mpasuko. Hiyo si sababu ya kuvunja ndoa.

Yako magonjwa mengine ambayo jeni moja tu inatosha kuyaleta. Tutaje mawili.

La kwanza linaitwa Treacher Collins, kwa jina la daktari wa macho wa London aliyeliandika mwaka 1900. Mtoto huzaliwa na mifupa ya mashavu midogo, taya la chini dogo, macho yanayoinama pembeni, na masikio madogo au yasiyokamilika. Jeni yake kubwa ilipatikana mwaka 1996. Mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Lakini karibu watoto 6 katika 10 wenye ugonjwa huu huzaliwa na wazazi ambao hawana kabisa; badiliko limeanza kwa mtoto mwenyewe. Na jambo kubwa ni hili: akili ya watoto hawa kwa kawaida ni sawa na ya wengine. Wengi hawasikii vizuri kwa sababu njia ya sikio imeziba. Mtoto asiyesikia hajibu, na asiyejibu huitwa mjinga. Apimwe masikio mapema, apate kifaa cha kusikia, aende shule.

La pili linaitwa kerubizimu. Mtoto huzaliwa sawa kabisa, halafu kuanzia umri wa miaka 2 mpaka 7 hivi, taya huanza kuvimba pande zote mbili, mashavu yanajaa, meno yanakaa ovyo. Liliandikwa mara ya kwanza mwaka 1933 na daktari aliyeliona kwa ndugu wa familia moja. Mara nyingi uvimbe huacha kukua mtoto akibalehe, na hupungua kadiri anavyoendelea kuwa mtu mzima. Wazazi wa mtoto kama huyu wanahitaji daktari wa kumfuatilia, wala si mtu wa kumchanja.

SI KILA SHIDA YA TAYA NI YA URITHI

Haya, bado mko nasi? Sasa tugeuze upande wa pili, maana hapa Kajiado tuna shida tatu ambazo watu huziita "za ukoo" na kumbe siyo.

Kwanza, meno ya kahawia. Utasikia, "Sisi ukoo wetu ni wa meno mekundu." Sivyo. Ni maji. Katika Bonde la Ufa na sehemu za Kajiado, visima vingi virefu vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya baadhi ya visima yanapita hapo mbali. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya, yaani mpaka umri wa miaka 8 hivi, meno hutoka na madoadoa au rangi ya kahawia. Kiasi kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa ya mgongo na miguu huumia. Familia nzima ina meno hayo kwa sababu familia nzima inachota kisima kimoja.

Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi inabaki. Magadi ya kupikia nayo yana floraidi, kwa hiyo mtoto mdogo asizoeshwe. Kinachosaidia ni kupima maji ya kisima cha kikundi, na kuwawekea watoto wadogo maji ya mvua kutoka kwenye mabati kwa kunywa na kupikia. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo hufanya kazi. Hapa kwetu mifupa tunayo, lakini mkaa huo hutengenezwa kwa moto wa kipimo maalum. Msichome mifupa jikoni mkachuja maji. Tafuteni mafundi wanaojua.

Pili, uvimbe wa ghafla. Mtoto aliyekuwa mzima, taya linaanza kuvimba, meno yanalegea, na baada ya siku chache uvimbe umekuwa mkubwa maradufu. Huo si urithi na si jino bovu tu. Inaweza kuwa saratani inayoitwa Burkitt, kwa jina la daktari Denis Burkitt, ambaye akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958. Huhusiana na virusi pamoja na malaria ya mara kwa mara, na huonekana zaidi sehemu zenye malaria nyingi kama Nyanza, Magharibi na Pwani. Hapa Tuala na Kitengela tuna familia nyingi zenye watoto wanaokwenda na kurudi huko. Saratani hii hukua haraka kuliko karibu zote, lakini husikia dawa vizuri ikiwahiwa. Mtoto kama huyu asipelekwe kwa mtu wa kung'oa meno. Apelekwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.

Tatu, mikono yetu wenyewe. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuharisha, kuna wanaochimbua ufizi na kutoa vijino vichanga vya chonge, wakisema ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Tunajua mila ina sababu zake. Wazee walitoa meno mawili ya mbele chini ili mtu akifungwa taya na pepopunda aweze kupewa uji na maziwa, na wakati hapakuwa na chanjo, hiyo ilikuwa akili kubwa. Lakini leo chanjo ya pepopunda iko kliniki. Na kuchimbua ufizi wa mtoto mchanga hakutibu kuharisha hata kidogo. Huleta damu nyingi, wadudu wa ugonjwa, na kuharibu jino la ukubwani lililolala chini yake. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS, zinki na kliniki.

KWANZA NI MAZIWA

Sasa turudi kwa mtoto wa mpasuko. Mama akizaa mtoto huyu, swali la kwanza lisiwe "upasuaji lini?" Swali la kwanza ni "amekula nini leo?" Mtoto dhaifu hapasuliwi. Na wengi hupotea kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji.

Mwenye mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi anaweza kunyonya. Mama aufunike mwanya kwa titi lake au kwa kidole. Mwenye mpasuko wa kaakaa kwa kawaida hawezi, kwa sababu hewa inapita na hawezi kuvuta. Atakaa kwenye titi saa nzima, mama afikiri ameshiba, na kumbe amechoka tu. Huyu afanyiwe hivi:

Mama anawe mikono, akamue maziwa yake ndani ya kikombe safi kilichochemshwa. Akamue angalau mara 8 kwa siku, na usiku pia, maana titi lisilokamuliwa hukauka. Wafugaji, hilo mnalijua.

Mtoto akalishwe wima mapajani, kichwa kimeshikwa. Asilazwe chali, maziwa yatatokea puani na kumpalia.

Apewe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini. Amwagiwe kidogo, ameze, apumzike.

Acheulishwe mara nyingi, kwa sababu humeza hewa nyingi.

Kipimo: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mililita 450, karibu vikombe viwili vya chai, vikigawanywa mara 8. Maziwa yaliyokamuliwa yafunikwe na kuwekwa mahali pa baridi, na yakipita masaa 4 yasitumike.

Maziwa ya ng'ombe, hata yawe matamu vipi, si chakula cha mtoto huyu katika miezi yake 6 ya kwanza.

Apimwe uzito kliniki kila wiki. Watoto wote hupungua kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki 2 awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Kama hajarudia, msingoje siku ya kliniki.

Yule mwenye taya la chini dogo sana ana hatari nyingine: ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba pumzi. Akikoroma, akivuta mbavu ndani au midomo ikigeuka samawati, alazwe kifudifudi au ubavu huku mtu akimwangalia kila wakati, na aende hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku.

SAFARI YA MATIBABU

Habari njema ni kwamba mpasuko hutibika, na hutibika hapa Kenya. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 mpaka 6. Madaktari wengi hutumia hesabu ya kumi: awe na wiki 10, uzito wa pauni 10 yaani kilo 4 na nusu hivi, na damu ya kipimo cha 10. Kaakaa hushonwa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajaanza kusema sana, ili asizoee kusemea puani. Kama ufizi na mfupa wa taya vimepasuka, akiwa na miaka 8 mpaka 11 hivi anaweza kuwekewa kipande kidogo cha mfupa kutoka nyongani kwake. Na kama taya la juu limebaki nyuma, linaweza kurekebishwa akimaliza kukua.

Kwa hiyo si safari ya siku moja, ni ya miaka. Hapa ndipo wengi hukosea. Mdomo ukishashonwa na uso ukapendeza, familia haionekani tena kliniki. Kaakaa linaachwa wazi, masikio yanaota usaha, mtoto hasikii vizuri, maneno hayaeleweki, anachekwa darasani, anaacha shule. Msiishie njiani.

Na aliyechelewa je? Mtu mzima wa miaka 30 au 50 pia hushonwa. Hakuna umri unaofunga mlango.

Mahali pa kwenda: anzieni kituo cha afya kilicho karibu mpate barua ya rufaa. Nairobi kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta, na shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijabe kuna hospitali ya AIC, na hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 1998. Kuhusu gharama, yako mashirika yanayolipia upasuaji wa mpasuko. Operation Smile ilianza kazi Kenya mwaka 1987. Smile Train, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, hulipia upasuaji katika hospitali inazoshirikiana nazo humu nchini. Ulizeni hospitali swali moja: "Hapa mnapasua mpasuko bure, na siku gani?" Ulizeni kabla ya kuuza ng'ombe. Tumeona boma limeuza mifugo kwa jambo ambalo lingefanywa bila malipo, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Hata hivyo bima ni muhimu, kwa vipimo na magonjwa mengine. Ile NHIF tuliyozoea haipo tena. SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024. Kila mwanachama ajiandikishe pamoja na watoto wake.

Na kwa anayetarajia kuzaa: anza kliniki mapema, meza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa. Asidi ya foliki hukinga mtoto na mpasuko wa uti wa mgongo, na inafikiriwa husaidia kwa mdomo pia. Mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu. Amwone daktari kabla ya kushika mimba ili ampangie dawa salama zaidi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Upasuaji ukiwa bure, bado kuna nauli ya kutoka Tuala mpaka Rongai, Nairobi, na Kijabe. Kuna chakula cha mama njiani. Kuna mbuzi wanaobaki bila mchungaji na watoto wengine wanaobaki bila mpishi. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomzuia mama, si daktari. Na hayo ndiyo kikundi kinaweza.

Moja, wekeni kifuko cha safari ya matibabu ndani ya kitabu cha akiba, kiandikwe kando, kisichanganywe na mikopo.

Mbili, mteueni mama mmoja au wawili wajifunze kulisha kwa kikombe, washirikiane na wahudumu wa afya wa jamii. Mtoto akizaliwa na mpasuko, wafike boma hilo siku hiyo hiyo.

Tatu, mama asiende hospitali peke yake. Aende na mtu, na wengine wabaki kwenye mifugo yake. Baba akienda ni bora zaidi, maana baba aliyemwona daktari kwa macho yake hatamsikiliza tena mtu wa laana.

Nne, acheni majina. "Mdomo sungura" si jina la mtu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu atendewe na kuitwa kwa heshima. Mtoto huyu alipewa jina, mwiteni kwa hilo.

Tano, wazee. Neno lenu ndilo linalosikika. Mzee mmoja akisimama mbele ya boma akasema, "Huyu ni mtoto wetu, hakuna aliyelaaniwa, apelekwe hospitali," ugomvi wa wiki tatu unaisha dakika hiyo.

Wale wanaotaka kuombea mtoto, ombeni, na sisi tutaomba pamoja nanyi. Lakini maombi yasichukue nafasi ya kikombe cha maziwa, wala nafasi ya matatu ya asubuhi kwenda hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika eneo letu, kuna mtoto au mtu mzima mwenye shida hii ambaye hajafika hospitali? Nani atamtembelea wiki hii?

2. Maji ya kisima tunachotumia yamewahi kupimwa floraidi? Kama hapana, nani atafuatilia?

3. Kikundi kinaweza kutenga kiasi gani kwa mwezi kwa kifuko cha safari?

4. Mama mkwe, shemeji na jirani wafanye nini siku ya kwanza, ili mama asibaki na lawama?

Haya, mwenyekiti, tunakurudishia mkutano. Wenye swali la siri wasione haya, tutabaki hapa chini ya mti mpaka jioni.